Kiraka cha Kitenge cha Mama Yako

Yule maksai alikuwa bado anapumua nilipomfikia. Kitu cha kwanza sikumuangalia yeye. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia, kama kuna mtu ameniona.

Kabula, naanzia hapo kwa sababu kila nikianzia pengine najikuta najitetea. Nimeshachana karatasi mbili za daftari lako.

Sikuandikii kwa upole, nakwambia mapema. Nina hasira toka asubuhi. Nina hasira na mjomba wako Shija, aliyeegesha pikipiki yake mlangoni kwangu kama vile mji ni wake, na kesho kukipambazuka atakupakia akupeleke Mhunze kwa mama yako mkubwa. Nina hasira na wewe, maana aliyemwita ni wewe. Na mimi mwenyewe nimejichoka. Mambo ya sabuni na sare na shule mpya mama yako atakwambia, yeye anayajua. Mimi nasema la maksai tu. Ndilo linalokuondoa.

Mwaka juzi ulikuwa na miaka tisa. Mtama ulikuwa umeshika masuke na nguruwe pori walikuwa wanatumaliza. Siku nne nilikuwa natoka na gobore la babu yako kabla jua halijatoka, narudi mikono mitupu.

Gobore lile hujawahi kulishika, nilikukataza, kwa hiyo sikiliza. Magobore mengi huku ni bomba tupu. Mtu anatia baruti, anatia misumari na vipande vya nondo, likilia linamwaga hovyo. La babu yako lina michirizi ndani ya mtutu, inazunguka kama kamba iliyosokotwa. Linataka goroli moja tu ya risasi. Goroli unaifunga na kiraka cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ya kondoo, unaishindilia na ule mti mrefu mpaka ikae juu ya baruti. Kiraka ndicho kinachoshika michirizi. Bila kiraka goroli inaenda inakotaka yenyewe.

Ukifyatua, goroli inaenda zake, kiraka kinaanguka hatua nane, kumi, mbele yako, kinafuka. Babu yako alikuwa hakubali uondoke hujakiokota. Hata kama mnyama anakimbia na damu, yeye anasema, "Kwanza kiraka. Lete nione." Kikichanika, umezidisha baruti. Kikiungua upande, hukushindilia sawa. Anakigeuza geuza anakisoma. Mimi shule niliacha darasa la nne, unajua. Kitabu nilichosoma mpaka mwisho ni hicho.

Kijiji kizima magobore ya michirizi yalikuwa mawili. La babu yako na la Masalu, jirani yetu ng'ambo ya korongo. Fundi wao alikuwa mmoja, ameshakufa. Na la babu yako watu walikuwa wanajua ni bovu, maana mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Kibali kilikuwa na jina la babu yako. Alipokufa nilitakiwa niende ofisini nikajieleze. Nikaona mle ndani wamekaa watu watatu nyuma ya meza, wote wananiangalia, nikageuka. Nikatangaza nyundo imevunjika, nimelitundika darini. Uongo wenyewe nilitunga kwa kuogopa kuongea. Unanijua. Mtu akiniuliza jina langu mbele ya watu kumi, nalisahau.

Asubuhi ile vitambaa vilikuwa vimeniishia. Viroba vya siku hizi ni plastiki, vinayeyuka vinaganda kwenye mtutu. Nikaona kitenge cha mama yako kwenye kamba, kile cha njano chenye ndege wa bluu. Nikakata upindo kwa mkasi, vikatoka viraka vitatu. Nikajiambia hataona.

Nikakaa pembeni ya mtama. Ukungu kidogo. Mara mabua yanatikisika, nasikia kitu kinatafuna. Babu yako alinifundisha usivute nyundo mpaka umeona kichwa na umejua kinaelekea wapi. Sikuona kichwa. Nilisikia meno tu. Lakini nilikuwa na siku nne za hasira na nguruwe, nikataka awe nguruwe, basi akawa nguruwe.

Gobore likilia, moshi unakuziba. Mweupe, mzito, unanuka yai viza. Unasimama nyuma ya moshi wako mwenyewe huoni umefanya nini. Nilisikia kitu kinaanguka, na mshindo ule haukuwa wa nguruwe.

Alikuwa maksai mwekundu wa Mzee Nkwabi, yule wa jembe, anayeongoza upande wa kulia. Alikuwa anakula mtama wangu, mara ya tatu mwezi ule, na mpaka leo namlaumu Nkwabi kwa zizi lake la miba iliyooza. Umeona? Hata hapa najitetea. Maksai alinyoosha shingo, akaniangalia, akaacha kupumua. Nikakimbia. Gobore nikalifukia ndani ya kihenge, chini ya mtama wa mavuno yaliyotangulia. Kiraka sikukiokota.

Mwano, yowe la kuita kijiji, ulipopigwa watu wakajaa pale shambani, na mimi nikaja na watu, nimeshika fimbo kama wenzangu. Wewe ulikuja nyuma ya mama yako. Kamanda wa sungusungu akaingiza kidole kwenye jeraha.

"Tundu moja," akasema. "La duara. Hii siyo misumari."

"Basi ni Masalu, au Bubu," mtu akasema. Bubu ndiyo mimi. Unalijua jina hilo.

"Bubu gobore lake si bovu?"

"Hata lingekuwa zima! Bubu akiua ng'ombe si angezimia hapo hapo, tungezika wawili!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimewaza sana juu ya kicheko kile.

Halafu ukaja wewe. Uliinama kwenye majani, ukaja mbio umeshika kitu, umefurahi kabisa, kama siku ile ulipookota yai la kanga. Ukasema kwa sauti, "Baba! Hiki si kitenge cha mama?"

Kamanda akageuka. "Mtoto anasema nini?"

Kibao nilichokupiga nadhani kilisikika ng'ambo ya korongo. Nikasema, na sauti ilitoka vizuri, haikutetemeka, siku hiyo Bubu aliongea: "Huyu muongo. Anaokota takataka anatunga maneno. Toka azaliwe ni muongo."

Ulifunga ngumi, kitambaa kikiwa ndani. Hukulia.

Wakamfuata Masalu. Wakamkuta anasafisha mtutu kwa maji ya moto, maana asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepiga kanga. Alivyo na mdomo mchafu, alikuja anatukana kila mtu. "Nyie mbwa, mimi siwezi kutofautisha nguruwe na ng'ombe? Tafuteni kiraka basi! Kijiji kizima kinajua mimi nafungia jora jeupe! Kitafuteni kiko hapo hapo!"

Watu wakainama kutafuta. Mama mmoja akasema, "Si kale katoto ka Bubu kalikuwa na kitambaa?"

Kamanda akachuchumaa mbele yako. Alikuwa mpole kwako, nakumbuka. "Mayu, mama yangu, ulikuwa na kitambaa?"

Uliniangalia mimi. Siyo kwa kuogopa. Uliniangalia kama mtu anayeuliza njia. Mimi nikaangalia chini.

Ukasema, "Hapana. Nilidanganya."

Kabula, toka uzaliwe uongo wako nilioushuhudia ni huo mmoja, na uliutoa kwa ajili yangu.

Masalu alikataa kukubali, na anayekataa kukubali anatengwa, wakamtenga. Hakuna wa kumsalimia. Hakuna wa kumpa moto. Mke wake akifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Mtoto wake mliyekuwa mnakaa naye dawati moja, wenzake wakahama wote akabaki peke yake, na wewe ukahama, kwa sababu nilikuamrisha uhame. Walipomaliza kuvuna wakafunga virago, wakaenda machimboni Mwakitolyo. Nyumba yao umeiona, paa limeshaanguka.

Na wewe shuleni wakakuita Kiraka. "Kiraka, leo umeokota nini? Kiraka, mama yako amevaa nguo?" Nilikuwa nasikia. Nyie mnapita njiani, mimi niko ndani ya mtama na jembe, nasikia kila neno. Natazama. Mimi ni mtu wa kutazama. Kuna siku ulichukua jiwe ukamrushia yule mvulana wa kwa muuza dagaa, nikafurahi, halafu jioni nikakuchapa kwa kurusha mawe.

Sasa nakwambia kitu ambacho baba hasemi. Mwaka ule wote na zaidi nilikuchukia. Ulikuwa ukiniwekea chakula naona macho yako, nasema huyu ananihesabu. Ukicheka na mama yako nikitokea ukanyamaza, nasema wananisema. Ukikosea kitu kidogo, umemwaga maji, nakuita muongo, wakati maji na uongo wapi na wapi. Nilitaka uwe muongo kweli. Ungekuwa muongo kweli mimi ningelala usingizi. Nilikuwa nakuvizia, mwanangu, kama navyovizia kwenye mtama, nasubiri nikukamate umedanganya hata kitu cha kijinga. Hukunipa.

Mama yako alijua toka wiki ile ile. Alikuwa anakunja nguo.

"Baba Kabula, upindo wa kitenge changu uko wapi?"

"Panya."

"Panya wa hapa kwetu wanatumia mkasi?"

Akakaa chini, akatia uzi kwenye sindano, akashona upindo mpya mbele yangu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akasema, "Nanyamaza kwa ajili ya mji huu. Usije ukafikiri ni kwa ajili yako." Toka siku hiyo kitenge hicho anakivaa kila tukienda kwenye watu. Kila mahali. Msibani, sokoni. Wewe ulikuwa hujui kwa nini anakivaa sana. Anakivaa kwa ajili yangu, nikione.

Wakati wa kiangazi niliwaaga nikasema naenda Bulyanhulu kutafuta kibarua. Nilienda Mwakitolyo. Nilimkuta Masalu anatoka kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo lao kule, amejaa vumbi jeupe kichwa mpaka miguu kama mtu aliyegaragazwa kwenye unga. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilikuwa nayasema kwa sauti nyuma ya bodaboda mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Masalu akasimama. "Eeh, Bubu. Umekuja kuona kama shimo limenifukia?"

"Hapana. Nimekuja kusalimia."

"Salimia basi."

Nikasalimia. Hakuitikia. Akanawa uso kwenye kidumu, taratibu, ananiangalia kati ya vidole. Akasema, "Nyundo ya gobore lako ilipona lini?"

Alikuwa anajua, Kabula. Muda wote. Mtu mwenye gobore la michirizi anajua mlio wa mwenzake kama anavyojua sauti ya mke wake.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wachimbaji wenzake walikuwa wamekaa kwenye magogo wanatuangalia, kama saba hivi, na ulimi wangu ukalala. Nilisimama pale mpaka mmoja akasema, "Huyu mgeni wako anataka maji au ana kifafa?" Wakacheka.

Masalu hakucheka. "Nenda kwenu," akasema. "Siku ukija tena, njoo na mdomo." Akavaa kofia yake, akashuka shimoni.

Nilirudi nikawaambia kibarua nimekosa. Mama yako akanitazama viatu, vina vumbi jeupe.

Nafika leo sasa. Asubuhi ulikuwa unapanga begi, mkebe wa hesabu ukadondoka ukafunguka. Rula, penseli, na kiraka. Cha njano. Bawa la ndege wa bluu nusu, pembeni kimeungua sawasawa, duara safi. Nilikiokota kabla yako. Unajua kitu cha kwanza nilichofikiria? Nilifikiria, babu yako angeridhika. Baruti ilikuwa sawa, nilishindilia vizuri. Kila kitu nilifanya sawa isipokuwa kuangalia.

Nikakuuliza, kwa ukali maana ndiyo sauti niliyokuwa nayo, "Hiki cha nani?"

Ukasema, "Cha muongo."

"Muongo yupi?"

"Baba ndiye anayemjua."

Ukazipu begi, ukatoka nje. Shija alikuwa amekaa kwenye pikipiki anachokonoa meno. Akasema kwa sauti ili nisikie, "Shemeji Bubu, mtoto anaenda zake kesho, hata neno? Au tukuletee mkalimani?" Nilitaka nimpige. Nilimwangalia shingo yake jinsi unavyoangalia mahali pa kulenga, Mungu anisamehe. Halafu nikaona siyo yeye. Amesema kweli tupu, ndiyo inayouma.

Mwanzo nilifikiri Mhunze ni vizuri. Kule hawakujui, hakuna wa kukuita Kiraka. Nikakaa nyuma ya kihenge nikawaza vizuri. Jina la muongo halibaki hapa ukiondoka. Utaenda nalo, kwa sababu ulilisema kwa mdomo wako mwenyewe, "nilidanganya," na hakuna mtu yeyote aliyesimama akasema hapana, hakudanganya. Utakuwa mkubwa, utakuwa na watoto, siku moja utaona kitu kwa macho yako na utajiuliza kama kweli umekiona. Hicho ndicho nilichokufanyia. Kibao kilipona siku ile ile.

Sina mengi ya kukufundisha. Kuwinda sikufundishi, uwindaji huu umeishia kwangu. Lakini mtu akikupiga kwa sababu umesema ulichokiona, unaweza kunyamaza, kunyamaza siyo kosa, mtoto hana nguvu. Ila usiseme tena kwamba ulidanganya. Hata kama anayekuangalia ni baba yako. Muache baba yako aanguke.

Na mimi sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Karatasi haioni haya, ndiyo maana naweza kuiandikia. Ingekuwa rahisi nimalizie hapa, nikupe barua, uondoke nayo, mimi nibaki na kijiji changu na jina langu zuri la mtu mpole asiyeongea. Nilikuwa nimepanga hivyo mpaka saa sita leo. Kweli nilikuwa nimepanga hivyo.

Gobore nimelitoa kwenye kihenge, nimelifunga kwenye gunia. Halina kitu ndani, nimeingiza mti, umefika mpaka kwenye alama aliyokwangua babu yako. Nyundo nimeijaribu, inalia kama siku zote, wasikie wenyewe. Kiraka nimekichukua kwenye mkebe wako, sijaiba, ukikikosa ujue kiko mfukoni kwangu. Mama yako nimemwambia avae kitenge. Akauliza, "Tunaenda wapi?" Nikasema, "Mkutanoni kwa sungusungu." Amekitoa chini ya godoro na ule upindo alioushona anaufumua sasa hivi, namsikia anakata uzi mmoja mmoja.

Mtendaji wa kijiji atakuwepo. Gobore halina kibali na mtu ametengwa kwa uongo wangu, kwa hiyo sidhani kama usiku nitalala hapa. Kesho Shija akipiga honi usinitafute mlangoni. Usifikiri nimekukimbia tena. Uliza watu njiani baba yako alisema nini, watakwambia, na watakwambia kwa kunitukana. Wasikilize mpaka mwisho. Halafu uwaulize Kabula ni muongo au siyo muongo.

Mwambie Shija mkianza safari apitie Mwakitolyo, najua mnazunguka, na mwambie ni mimi nimeomba. Kwa Masalu usiseme mengi. Mwambie tu Bubu amepata mdomo, arudi aezeke nyumba yake. Atatukana. Ana haki.

Filimbi ya pili ya mkutano imelia. Ya tatu ikilia watu wanafunga duara la kukaa, na anayefika duara limefungwa anakaa nyuma, nje, karibu na baiskeli. Nimekaa huko nyuma miaka yote, napajua, pananipenda. Nikifika nikakaa huko leo sitasimama. Najijua. Lazima nifike wakati katikati bado kuna nafasi, watu wote wananiona naingia na gunia, ili kutoka iwe aibu kubwa kuliko kusema.

Ndiyo maana naondoka sasa hivi.